Sekunde Sitini za Shinyalu

Nimeiona! Baada ya kuisikia kwenye hotuba na kuisoma kwenye maelezo ya wahandisi, leo asubuhi nimekaa kwenye benchi la mbao katika boma moja la Shinyalu, matope mekundu hadi kwenye vifundo vya miguu, nikaiona eCHIS ikifanya kazi mikononi mwa mtu aliyetengenezewa. Naandika haya ndani ya matatu ya kurudi Kakamega mjini, mvua ya saa nane inachapa dirisha, na vidole vyangu vinataka kukimbia kuliko mawazo. Nimepitia programu nyingi za afya. Hii imenifanya nitetemeke kwa furaha.

Kwa aliyepitwa: tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park jijini Nairobi, Rais William Ruto aliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yao. Ni zaidi ya 100,000 nchi nzima, na kila mmoja anahudumia takriban nyumba 100. Picha za siku ile zilionyesha vilivyomo mkobani, mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye simu. Ndani ya simu ile kuna eCHIS, mfumo mzima wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii, na swali lililonikosesha usingizi lilikuwa moja: je, waliouchora waliwahi kutembea kijijini?

Walitembea. Nitakuonyesha nilivyojua.

Mama niliyeandamana naye, mmoja wa wahamasishaji hao, ana miaka hamsini na kitu, amekuwa akifanya kazi hii tangu siku za kujitolea bila posho. Kabla ya simu alibeba vitabu. Mtu yeyote wa afya ya jamii Kenya anavijua kwa nambari kama anavyojua namba yake ya kitambulisho: MOH 513, rejesta ya nyumba, unayoijaza upya kila miezi sita, MOH 514, ya kazi za kila siku, MOH 100, ya kumpa mgonjwa rufaa. Halafu mwisho wa mwezi msimamizi anakaa na rundo la vitabu kujumlisha kwenye MOH 515. Mama alinionyesha kwa mikono ukubwa wa ile rejesta, kama mtu anayeeleza samaki aliyemvua, akasema, "Kijana wangu, ukinyeshewa nayo umelia."

Sasa anatoa simu kwenye mfuko wa plastiki, anaifungua, na kinachotokea kwanza kwenye skrini ni kazi ya leo. Hakuna tangazo, hakuna picha ya daktari mzungu anayetabasamu, hakuna ukurasa wa kukukaribisha. Ni orodha tu: jina la mtu, nyumba yake, sababu ya kumtembelea, na siku. Iliyopita siku yake imeandikwa kwa rangi nyekundu. Huyu ni mjamzito, mtembelee. Huyu mtoto amekosa chanjo, mfuate. Huyu alipewa rufaa, kaulize kama alifika. Wabunifu wengi huanza na kile ambacho shirika linataka kukusanya, kisha mtumiaji anageuzwa karani wa kuingiza takwimu. Hapa wameanza na swali ambalo mwenye mkoba anajiuliza akitoka mlangoni kwake: niende kwa nani? Takwimu zinapatikana njiani, kama maziwa yanavyopatikana kwa kumlisha ng'ombe.

Basi tukaenda. Nyumba ya tatu ndiyo iliyoniua.

Kukhu mmoja, yaani bibi, alikuwa amebaki na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, anakohoa tangu juzi. Salamu kwanza, mulembe, mulembe muno, habari za mahindi, habari za aliye Nairobi. Kisha mama akaomba ruhusa ya kutoa simu, akaomba na yangu ya kukaa karibu. (Simu yenyewe sikuigusa. Ndani yake mna siri za majirani, na napenda kwamba hata yeye haoni nyumba za mtu mwingine. Simu inashusha taarifa za eneo lake tu.) Akafungua fomu ya mtoto mgonjwa. Swali moja kwenye ukurasa. Moja! Unajibu kwa kugusa duara, unasonga mbele. Mtoto anakohoa? Ndiyo. Kwa siku ngapi? Ana dalili ya hatari: anatapika kila kitu, amepata degedege, hawezi kunyonya wala kunywa? Hapana, hapana, hapana. Maswali ya kuhara hayakuja yote, kwa sababu mtoto hakuwa anahara. Kitabu hakiwezi hilo. Kitabu kinakuonyesha visanduku vyote na kukuachia aibu ya kuviacha wazi.

Kisha ikafika sehemu ya kuhesabu pumzi, na hapo ndipo niliposahau kupumua mimi mwenyewe.

Kuhesabu pumzi za mtoto ni kipimo cha zamani cha kubaini nimonia pasipo na mashine. Unatazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Ugumu wake ni wa mikono na macho: jicho moja kwa mtoto, jingine kwa saa, akili kwenye hesabu, na mtoto anataka kukupokonya shanga. Ukipoteza hesabu unaanza upya. Ukikosa subira unahesabu nusu dakika na kuzidisha, na kosa dogo linazaa kosa kubwa. Sasa tazama walichofanya. Ndani ya fomu yenyewe, katikati ya maswali, wameweka duara kubwa. Unaligusa, linaanza kujiendesha kwa sekunde sitini, na zikiisha linakuita kwa mlio. Basi. Mama aligusa mara moja, akaiweka simu kwenye paja, na kwa dakika nzima HAKUITAZAMA. Macho yake yote yalikuwa kwenye kile kifua kidogo. Kukhu naye akatazama. Nami nikatazama. Watu wazima watatu kimya, mvua bado mbali, jogoo nyuma ya jikoni.

Mlio ukaja. Arubaini na sita.

Hiyo ni nyingi au ni kidogo? Inategemea umri. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi za haraka zinaanzia 50 kwa dakika. Kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, zinaanzia 40. Arubaini na sita hizohizo ni salama kwa mdogo kuliko yeye na ni tahadhari kwa huyu. Mama anazijua hizo namba, alifundishwa, lakini hakulazimika kuzitafuta kichwani siku ambayo tayari ametembea nyumba tatu, kwa sababu simu ina tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Ikamwambia: anapumua haraka, mpe rufaa. Lugha nyepesi, sentensi fupi, na hatua ya kuchukua ikiwa juu kabisa. Utaalamu umekaa nyuma ya pazia, na aliyeonekana mbele ya kukhu kuwa anajua ni mama mwenyewe. Heshima hiyo haikuangukia simu. Nasema haya kwa moyo wote: programu inayompa heshima anayeitumia ni adimu kama mvua ya Januari.

Na mtandao? Hapo bondeni haukuwepo hata kidogo. Niliangalia simu yangu, msalaba mtupu. Fomu ikajazwa, ikahifadhiwa, orodha ya kazi ikajipanga upya, kana kwamba hakuna kilichokosekana. Mfumo huu umesimama juu ya Community Health Toolkit, zana za wazi zinazotunzwa na Medic, shirika ambalo mizizi yake iko Malawi mwaka 2008, lilipoanza kwa ujumbe mfupi wa simu kati ya wahudumu wa vijijini na hospitali. Watu waliozoea vijiji visivyo na mnara hawajengi kitu kinachozunguka duara la kusubiri. Taarifa zinakaa ndani ya simu kwanza, mtandao ukipatikana barabarani ndipo zinapopanda. Kaunti hii ya Kakamega ina watu 1,867,579 kwa sensa ya 2019, kuanzia mashamba ya miwa ya Mumias hadi ukingo wa msitu wa Kakamega, na mnara haufiki kila bonde. Kwa hiyo kwangu kufanya kazi bila mtandao si sifa ya ziada ya kuandikwa chini ya orodha. Ni mlango wenyewe.

Linganisha na usiku mmoja wangu mwaka jana, mwanangu akiwa na homa. Nilifungua tovuti moja ya habari za afya. Ikaniuliza kama nakubali vidakuzi. Ikaniomba baruapepe. Kisha ikanipa historia ya ugonjwa, takwimu za dunia, aya kumi na mbili za Kiingereza cha chuoni, na jibu la swali langu pekee, nimpeleke sasa au ningoje asubuhi, likawa limejificha chini kabisa, baada ya bando langu kuisha. Habari zote zilikuwa sahihi. Zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya mtu aliyetulia, na mzazi wa saa nane usiku hajatulia.

Sisemi eCHIS iko peke yake. Jacaranda Health wanajibu maswali ya wajawazito kwa ujumbe mfupi wa kawaida, unaofika hata kwenye simu ya kabambe, na hilo ni tukufu. SHA, mamlaka ya bima ya afya nchini, ilipoanza Oktoba 2024 ikaruhusu kujisajili kwa *147#, na wahamasishaji haohao wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuwasaidia wazee kubonyeza. Lakini huko mgonjwa ndiye anayeishika simu. Huku imeshikwa na jirani, mtu anayejua kwamba baba wa nyumba hii hapendi kuulizwa mbele ya wageni.

Ninachotamani? Sauti. Nataka siku moja duara lile la sekunde sitini lifuatwe na maelezo ya kusikiliza kwa Kiisukha, Kiwanga, Kikabras, ili kukhu asikie dalili za hatari kwa lugha anayootea ndoto, na azisikie tena mama akishaondoka. Na nataka herufi nene zaidi, kwa jua la saa sita. Wabunifu vijana wa Masinde Muliro, chuo kiko hapo mjini, mkoba uko kijijini, benchi lina nafasi. Njooni!

Naongeza mistari hii siku ya pili, jioni. Sikuweza kujizuia, nikampigia mama simu kuuliza. Akaniambia alipofungua orodha asubuhi jina la yule mtoto lilikuwa juu kabisa: fuatilia rufaa. Alifika kituoni jana ileile, kwa bodaboda, amepewa dawa. Nikataka kumuuliza kuhusu rangi ya kitufe fulani. Akanikatiza, akasema yuko mlangoni mwa kukhu anakung'uta mwavuli, nimpigie baadaye.