Kofia ya Mkono: Namna ya Kuipima Kabla Hujatoa Fedha

Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba, maduka ya nguo ya Newala na Masasi hujaa watu. Wakulima huja mjini kutoka Mkunya na vijiji vingine kununua kanzu na kofia za harusi na sikukuu. Hapo ndipo wengi hulipa bei ya kazi ya mkono wakaondoka na kazi ya cherehani, maana kofia mbili nyeupe zikikaa rafu moja hufanana mno. Anayejua pa kutazama hapotei.

Kofia ya viua, ile inayoshonwa Unguja, Pemba na Lamu, na ambayo ndugu zake huvaliwa Oman, ni tabaka mbili za kitambaa cheupe zilizoshikanishwa kwa uzi mweupe. Maua yake yote ni viua, yaani vitundu vilivyozungushiwa uzi, na kivuli chake. Mifarishi myeupe iliyoupa sifa mji wa Marseille, Ufaransa, katika karne ya 17 na ya 18 ilifuata kanuni hiyohiyo: nguo ya rangi moja, na urembo wote ukatoka kwenye mshono. Pasipo na rangi, mshonaji hana pa kujificha. Ubora wote uko katika mkono uliotulia.

Anza kwa kuigeuza

Geuza kofia ndani nje kabla hujauliza bei. Kiua cha mkono hupenya tabaka zote mbili, kwa hiyo ua la nje utalikuta na ndani, likiwa safi karibu sawasawa. Kazi ya cherehani hujisema yenyewe hapo: uzi wa chini ni tofauti na wa juu, na nyuzi huruka kutoka ua hadi ua bila kukatwa. Mafundo makubwa ndani ya kofia ya mkono nayo ni dalili mbaya, kwani yatakwaruza paji la uso na yatafumuka mapema.

Iinue kwenye mwanga

Isogeze mlangoni, uitazame jua likipenya. Viua viwe na ukubwa mmoja, vya mviringo, na nafasi kati yake isibadilike. Kisha chukua kiua kimoja ukitazame kwa karibu: nyuzi zilizokizunguka zilale bega kwa bega, zisipandane wala zisiache kitambaa kikachungulia. Sukuma ukingo wake kidogo kwa ukucha. Nyuzi zikisogea, kofia hiyo haitavumilia kufuliwa mara nyingi.

Tafuta maungio

Mkanda wa pembeni hushonwa ukiwa umenyooka, kisha ncha zake huunganishwa. Tafuta maungio hayo. Fundi aliyepima vizuri tangu mwanzo huhakikisha ua la mwisho linakutana na la kwanza bila kubanwa wala kukatwa nusu. Linganisha pia viua vya upande mmoja wa maungio na vya upande wa pili. Kofia moja huchukua wiki nyingi, hata miezi, na uchovu huandikwa humo: mishono huwa mirefu, nafasi hupanuka. Mahali hapa hunipa habari nyingi za fundi kuliko pengine pote. Halafu tazama duara ya juu: ikae sawa juu ya mkanda, isiwe na mikunjo pembezoni.

Usidanganywe na wanga

Wanga mwingi hufanya kitambaa chepesi kionekane imara. Bonyeza ubavu wa kofia kwa kidole gumba. Iliyosimama kwa wingi wa mshono hurudi taratibu mahali pake. Iliyosimama kwa wanga hulia kama karatasi na kubaki na bonde.

Tofauti ndogondogo za mkono si kasoro. Kiua kimoja kilichopinda kidogo kati ya mamia hakipunguzi thamani. Kinachopunguza ni ulegevu unaojirudia.

Fundisha jicho lako

Njia ya uhakika ya kujifunza kupima ni kushona mwenyewe kipande kidogo, upana wa kiganja. Pandanisha bafta mbili, zipigie bandi, chora mstari, utoboe viua kumi. Utagundua kwamba bandi zikiwa chache tabaka ya chini hutembea. Ukivuta uzi kwa nguvu kitambaa hujikunja, ukiulegeza kiua hufunguka. Baada ya hapo bei ya kofia nzima haitakushangaza.

Kwa hiyo agiza mapema, wakati mikorosho bado inachanua, umpe fundi nafasi ya kufanya kazi bila kukimbizwa. Na kila ununuapo, igeuze kofia mbele ya muuzaji. Wanunuzi wakiwa na desturi hiyo, kazi ya kulipua haitapata soko, na mshonaji mwenye subira atalipwa haki yake.