Hongera Walinzi wa Mawe Yetu

Hapa Longisa, mvua ikishanyesha, udongo mwekundu hung'ang'ania jembe hadi uubandue kwa kijiti. Wengi wetu huona matope tu. Kumbe ni zao la miamba na majivu ya volkano za kale, na ndio unaotulisha.

Majivu kama hayo yametunza hazina kubwa jirani nasi, kule Fort Ternan, Kaunti ya Kericho. Mwaka 1961, mtafiti Louis Leakey na wenzake walichimbua humo mabaki ya taya la sokwe wa kale, aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Wakamwita Kenyapithecus wickeri, jina la pili likimuenzi Fred Wicker, mwenye shamba hilo.

Kwa hiyo natoa pongezi za dhati kwa wafanyakazi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wanaotunza masalia kama hayo. Kazi yao inadai subira: kupangusa vumbi kwa brashi, kuondoa udongo chembe kwa chembe kwa sindano, na kuandika kila kipande kilitoka tabaka gani. Mfupa uliong'olewa bila kumbukumbu hiyo ni bubu.

Lakini mlinzi mmoja hatoshi. Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inamtaka yeyote anayegundua masalia ya kale atoe taarifa. Walimu, wapelekeni watoto makavazini wakajionee. Wachimba mawe na wakulima, mkikuta mfupa uliogeuka jiwe, acheni sururu kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na miamba hii ndiyo daftari letu.