Pepo au Maradhi: Hofu ya Kisaikolojia katika Filamu na Utazamaji Wake katika Mwambao wa Bagamoyo

Sehemu hii inachambua namna hofu ya kisaikolojia inavyojengwa katika filamu na inavyoweza kupokewa na mtazamaji wa mwambao wa Bagamoyo. Filamu mbili zinalinganishwa: Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock na Maangamizi: The Ancient One (2001) ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyoiwakilisha Tanzania katika mchujo wa tuzo za Oscar. Hoja inayojengwa ni kwamba kigezo kilichozoeleka cha kupimia utanzu huu kinamchukulia mtazamaji wa aina moja tu, hivyo hakijitoshelezi.

Kwa mujibu wa Todorov (1970), msingi wa fantasia ni kusitasita: msomaji hana hakika kama tukio lina sababu ya kimaumbile au ni la nguvu zisizo za kawaida. Akishaamua, fantasia hukoma. Katika Psycho, kusitasita huko kunakatizwa na daktari wa akili, ambaye anaeleza kuwa Norman Bates amebeba nafsi ya mama aliyemuua mwenyewe. Marehemu anageuzwa kuwa ugonjwa, na mtazamaji anaondoka ukumbini akilijua jina la kilichomtisha.

Maangamizi inaanzia pale Psycho inapoishia, yaani kwa daktari. Asira, daktari wa akili Mmarekani Mweusi, anakuja Tanzania na kukutana na Samehe (Amandina Lihamba), mgonjwa ambaye hajanena kwa miaka 20. Kitishacho hapa si kisu wala damu, bali ni ukimya ambao utaalamu wa hospitali haupenyi. Mzimu unaomjia mgonjwa unamfikia daktari pia, naye analazimika kuwakabili wahenga wake. Utaalamu uliotarajiwa kulifunga swali ndio unaotiwa swali.

Nadharia ya Todorov inapwaya kidogo inapofikishwa pwani. Kwa watu wengi wanaoishi jirani na magofu ya Kaole, ambako makaburi ya kale bado huombewa dua, kuwapo kwa majini na mizimu si jambo la kusitasitia. Katika uganga wa pwani, swali linaloulizwa mbele ya aliyepagawa si kama pepo yupo, bali ni pepo gani na anataka nini. Rohani na kinyamkera hawatulizwi kwa namna moja. Hata hivyo, kusitasita hakutoweki, kunahama. Mtazamaji anayeukubali mzimu bado hajui kama umekuja kuponya au kuua. Majina yanauzidisha utata huo: mzimu unaitwa Maangamizi, mgonjwa anaitwa Samehe, na filamu nzima inakaa kati ya majina hayo mawili.

Mahali pa kutazamia nako kuna uzito wake. Psycho ilipotolewa, Hitchcock alitaka mtu yeyote asiingie ukumbini baada ya filamu kuanza. Kibanda umiza hakina mlango wa namna hiyo. Watu huingia na kutoka, humwonya mhusika kwa sauti, na msimuliaji, katika mtindo uliovumishwa na Lufufu, hufasiri mazungumzo na kujaza mapengo. Ingeweza kudaiwa kuwa mazingira haya huua hofu. Dai hilo ni kweli kwa sehemu tu. Psycho inaweza kustahimili sauti ya msimuliaji, kwa kuwa yenyewe inamaliza kwa maelezo. Maangamizi haistahimili, kwa kuwa ukimya wa Samehe ndio maudhui yenyewe. Kuujaza ni kuufuta. Hivyo filamu iliyo karibu zaidi na imani za pwani ndiyo inayopoteza zaidi katika utazamaji wa kibandani.

Tofauti hii inaathiri hukumu ya mhakiki. Shumileta (2005) ya Mussa Banzi, inayomwonesha jini waziwazi, haipaswi kuhesabiwa dhaifu kwa sababu tu haijengi hofu kwa ukimya na mashaka. Filamu ya namna hiyo hukamilishwa na kelele za benchi. Kinyume chake, Maangamizi isihukumiwe kuwa ngeni kwa sababu haifai kibandani. Uhakiki wa filamu za kutisha za Kiswahili unapaswa kuuliza kwanza filamu inamtaka mtazamaji anyamaze au ajibu, ndipo uipime kwa kigezo kinachoistahili.