Ustawi wa Jamii Haukupaswa Kubaki kwa Mganga Mkuu

Muundo wa halmashauri wa mwaka 2022 una mengi mazuri, lakini una mstari mmoja ambao ulipaswa kufutwa kabla wino haujakauka: Idara ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Mkuu wake ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa wilaya ya mpakani kama Ngara, na ya njia panda kama Biharamulo, huo ni uamuzi mbaya.

Januari mwaka huohuo Rais Samia aliitoa Maendeleo ya Jamii katika Wizara ya Afya, akamkabidhi Dk. Dorothy Gwajima wizara mpya, na Kamishna wa Ustawi wa Jamii akahamia huko. Hilo lilikuwa sahihi.

Mambo yaliharibika yalipofika chini. Wizarani, Ustawi na Maendeleo ya Jamii wana waziri mmoja. Halmashauri, Maendeleo ya Jamii ni idara kamili na Ustawi uko kwa Mganga Mkuu. Kamishna anatoa mwongozo wa ulinzi wa mtoto, lakini ofisa wa kuutekeleza ni mtumishi wa Mkurugenzi, aliye chini ya TAMISEMI, na msimamizi wake wa kila siku anafuata sera za Wizara ya Afya. Ofisa mmoja anatazama wizara tatu. Likikwama jambo, kila mmoja ana wa kumwelekezea kidole.

Kisha kuna kasma. Shughuli za Ustawi zinapangwa ndani ya mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Mganga Mkuu anapimwa kwa vifo vya wajawazito, chanjo na upatikanaji wa dawa, na ndivyo inavyopasa. Mafuta yakipungua, lita za mwisho zitamfuata mama mwenye uchungu Rulenge kabla ya kumpeleka ofisa kijijini kukagua familia inayotaka kumlea mtoto aliyetelekezwa. Simlaumu daktari anayeamua hivyo. Nawalaumu waliopanga muundo, kwa kuyaweka mahitaji hayo mawili yagombee tanki moja.

Tuchukue mtoto wa Kirundi aliyevuka mpaka upande wa Kabanga, akaishia kuchunga ng'ombe kwa ujira mdogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaibebesha halmashauri wajibu wa kumlinda, na Ofisa Ustawi ndiye mkono wake: uchunguzi wa kijamii, kumtafutia mlezi anayefaa, kufuatilia ndugu, kusimama naye mahakamani. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji daktari. Au tuchukue Nyakanazi, Biharamulo, zinapokutana barabara za Kigoma, Kahama na Rusumo. Binti akiondolewa kwenye ajira mbaya pale, atarudi kama nyumbani hakuna kipato. Mkopo wa asilimia 10 ambao ungemnusuru mama yake, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, uko kwa Maendeleo ya Jamii. Familia ni moja, lakini mafaili ni mawili, kwa wakuu wa idara wawili.

Watetezi wa muundo huu wanasema Ofisa Ustawi anahitajika wodini: kwa manusura wa ukatili, kwa kichanga kilichoachwa, kwa mzee asiye na fedha za matibabu. Kweli, na maofisa hao wabaki hospitali. Lakini polisi pia hupeleka majeruhi wodini, na hakuna aliyewahi kupendekeza kituo cha polisi kiwe chini ya Mganga Mkuu.

Nimelisema hili tangu Ustawi ulipotolewa Wizara ya Kazi na kutiwa Afya, na nikalirudia Desemba 2015 Maendeleo ya Jamii ilipofungwa humohumo. Tunahamisha majina, lakini fedha na madaraka yanabaki yalipo. Walioanza walijua zaidi. Miaka ya mwanzo ya uhuru Bibi Titi Mohamed alikuwa naibu waziri wa maendeleo ya jamii, na mwaka 1963 chuo cha Tengeru kikaanza kufunza watu wa kazi hiyo yenyewe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Ujumbe ulikuwa wa afya, vikundi vikawa vya Elimu ya Watu Wazima. Walishirikiana bila mmoja kummeza mwenzake.

Na serikali inajua kuhamisha ikitaka. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, Chato, iliyokuwa imemegwa kutoka Biharamulo, iliondoka Kagera ikiwa wilaya kamili. Haikuambiwa iende Geita huku mkurugenzi wake akibaki kuripoti Bukoba. Basi TAMISEMI na Utumishi wautoe Ustawi kwa Mganga Mkuu, wauweke na Maendeleo ya Jamii katika kila halmashauri, na uende na ikama yake, kasma yake na gari lake. Waanze na Ngara na Biharamulo, kwa sababu huko ndiko wanakopita watoto wanaopotea kati ya idara hizo mbili.