Mzuka, Kumbukumbu na Tabaka katika The Haunted House (1859)

Katika Uingereza ya karne ya 19, kusimulia hadithi za mizuka kulikuwa sehemu ya burudani ya Krismasi, majira ambayo usiku ni mrefu na watu huota moto pamoja. Charles Dickens aliimarisha desturi hiyo kwa A Christmas Carol, iliyochapishwa Desemba 1843. Miaka 16 baadaye alihariri The Haunted House, toleo maalumu la Krismasi la jarida lake, All the Year Round. Kati ya sehemu zake nane, Dickens aliandika tatu. Nyingine ziliandikwa na Hesba Stretton, George Augustus Sala, Adelaide Anne Procter, Wilkie Collins na Elizabeth Gaskell. Uhakiki huu unadai kwamba msako wa mizuka katika kazi hii unabainisha pia ni nani anayeruhusiwa kuwa na kumbukumbu.

Msimulizi, John, anapanga nyumba inayosemekana kuwa na mizuka. Kengele zinalia na watumishi wanajawa na hofu. Dada yake, Patty, anashauri watumishi waondolewe na nafasi yao ichukuliwe na marafiki. Anayebakizwa ni Bottles, mtunza farasi, ambaye ni kiziwi na hivyo hawezi kuambukizwa uvumi. Wageni wanagawana vyumba kwa kura, kisha wanaahidiana kunyamaza hadi usiku wa kumi na mbili wa Krismasi, ambapo kila mmoja atasimulia yaliyomkuta.

Yanayomkuta John yanageuza maana ya msako. Katika chumba chake anakutana na utoto wake mwenyewe: kifo cha baba, madeni, na vyombo vya nyumbani kuuzwa. Msamiati wa Kiswahili unasaidia kulieleza badiliko hili. Mzuka, kama kitenzi chake kinavyodokeza, huzuka ghafla na kushtua. Mzimu huhusishwa na waliokufa ambao bado wana dai juu ya walio hai. John alikwenda kutafuta mzuka, akakuta dai.

Hata hivyo, dai hilo halisikilizwi kwa usawa. Hofu ya watumishi inasawiriwa kwa kejeli, ilhali huzuni ya bwana inapewa sura nzima. Miongoni mwa watumishi hao yumo msichana yatima, ambaye bila shaka naye amepoteza utoto. Lakini hapewi chumba wala zamu ya kusimulia. Inaweza kujibiwa kwamba kuondolewa kwao ni mbinu ya msuko tu, yenye lengo la kuonyesha kuwa hofu huambukiza. Jibu hilo linaeleza kwa nini wanaondoka, si kwa nini machozi ya mmoja ni kichekesho na ya mwingine ni msiba.

Pengo hilo linazibwa kwa kiasi na Gaskell. Katika sehemu yake, wazazi wazee wa shambani wanavamiwa usiku na wezi, mwana wao akiwa miongoni mwao, kisha wanalazimika kutoa ushahidi mahakamani. Hapa hakuna mzuka wala kejeli. Watu wa chini wanabeba uzito wote wa msiba.

Kwa hiyo, kazi hii isisomwe kama kauli moja ya Dickens dhidi ya ushirikina. Ni mkusanyiko unaojibishana ndani kwa ndani, na thamani yake kihakiki imo katika majibizano hayo.