Kupima Maktaba ya Violesura Pepe vya Mtandao

Kiolesura pepe cha mtandao ni mlango wa mawasiliano usio na waya wala kadi nyuma yake: kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huuchukulia kama mlango mwingine wowote, ila pakiti zinazopita humo hukabidhiwa programu ya kawaida, ambayo huzisimba, huzikagua au huzipeleka kwingine. Kwenye Linux mlango huo hufunguliwa kupitia faili /dev/net/tun, nao una sura mbili: TUN, inayobeba pakiti za IP, na TAP, inayobeba fremu nzima za Ethernet. Maktaba inayoufungua kwa niaba ya mwandishi wa Go au Rust yaweza kuandikwa kwa mistari michache, ndiyo maana ziko nyingi, nzuri na mbovu zikifanana kwa nje.

Jaribio la kwanza ni jina. Linux hutenga baiti 16 kwa jina la kiolesura, moja ikiwa ya kufungia, hivyo zinazobaki kwa alama ni 15. Tuseme kuna mahali paitwapo Nyamahanga Ngara na pengine Biharamulo pia: fundi anayeunganisha pande hizo mbili za Kagera hana budi kuzitofautisha, naye akiandika nyamahanga-ngara atakuwa ametumia alama 16, kistari kikihesabiwa. Maktaba iliyosukwa vizuri hukataa papo hapo na kutaja sababu. Mbovu hulikata jina kimyakimya likabaki nyamahanga-ngar, na kanuni za kuelekeza pakiti zilizoandikwa kwa jina kamili zikatafuta mlango usiokuwapo.

Jaribio la pili, ambalo ndilo hufichua mengi, ni kuchapisha baiti za mwanzo za pakiti iliyosomwa kwenye TUN. Pakiti ya IPv4 kwa kawaida huanza na 45, ambapo 4 ni toleo la itifaki na 5 ni urefu wa kichwa kwa mafungu ya baiti nne nne. Lakini Linux, isipoambiwa vinginevyo, hutanguliza baiti 4 zake, macOS nayo hutanguliza 4 zenye maana tofauti, ilhali Wintun, kiendeshi cha TUN kwenye Windows, haitangulizi kitu. Ikionekana 00 00 08 00 kabla ya 45, kichwa cha kerneli kimevuja hadi kwa mtumiaji, na maktaba inayojinadi kuwa ya mifumo yote huku ikivujisha hivyo imekwepa kazi iliyoombwa kuifanya.

Ukubwa wa juu wa pakiti nao usifichwe: WireGuard, itifaki ya VPN iliyoingia katika Linux 5.6 mwaka 2020, huuweka kwa kawaida kuwa baiti 1420 badala ya 1500, kwa kuwa bahasha yake juu ya IPv6 hula 80.

Mwisho ni kufunga. Uzi wa programu uliokwama ukisubiri pakiti hushikilia faili hata baada ya uzi mwingine kuagiza lifungwe, hivyo maktaba makini humwamsha kwanza anayesubiri ndipo ifunge. Mpimaji asiridhike na ujumbe wa kwamba kazi imekamilika, bali aandike ip link programu ikiwa bado inaendelea: mlango usiofanywa wa kudumu ukiwa ungali kwenye orodha, kuna uzi ambao haujaamshwa.