Kuisoma Sheria ya Mazingira

Msomaji, huenda umezoea kufikiri kuwa uhakiki ni kazi ya kupima mashairi, tamthilia na hadithi, na kwamba sheria ni mali ya mahakimu na mawakili, isiyomhusu kijana wa shule. Fikira hiyo ina kasoro. Sheria ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mwandishi, ingawa mwandishi huyo ni bunge zima. Ina msomaji imkusudiaye. Ina maneno yaliyochaguliwa na mengine yaliyoachwa. Tena ina jambo ambalo utenzi hauna: ikiandikwa vibaya, mtu hudhurika mwilini. Kwa hiyo nakuomba tuihakiki pamoja Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, namba 8 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika nchini Kenya Januari 2000 na kurekebishwa mwaka 2015.

Sheria hii nimeichagua kwa sababu ya mahali tulipo. Sisi wa Njukini tunakaa chini ya Kilimanjaro, na migomba yetu haiishi kwa mvua peke yake, bali kwa maji yatokayo katika mlima ule. Mlima uko Tanzania, mashamba yako Kenya, na maji hayana habari ya mpaka. Mtu anayeishi kwa maji yatokayo kwingine hujua, hata kabla hajafundishwa, kuwa aliye juu ya mfereji ana amri juu ya aliye chini. Kanuni za mfereji ndizo sheria za mazingira za kwanza tulizozijua wakulima, nazo hazikuandikwa popote.

Usidhani nataka kukuambia kuwa viwanda ni uovu. Wilaya zetu zina chuma Kishushe na vito Kasigau. Reli mpya imepita Voi tangu mwaka 2017. Barabara ya lami itokayo Illasit kwenda Taveta inapita hapa hapa Njukini. Kijana amalizaye kidato cha nne hutazama barabara hiyo na kujiuliza itamletea kazi gani. Swali lake ni la haki, na mhakiki wa sheria hii asiyelijibu hafai kusikilizwa. Tulipime basi andiko letu kwa kipimo hiki: je, linamwezesha kijana yule kupata kiwanda bila kupoteza maji?

Nianze na sifa, maana sifa yake moja ni kubwa sana. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kulipinga. Mahakama ilimrudisha, si kwa kuwa jumba lilikuwa jema, bali kwa kuwa yeye mwenyewe, ilisemwa, hakuwa na dhara lake binafsi la kuonyesha. Bustani haikuwa yake. Ujenzi ulikuja kuachwa, lakini mlango wa mahakama ulibaki umefungwa. Sheria ya mwaka 1999 ilikuja kuufungua mlango huo. Katika kifungu chake cha 3 ilimpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, kisha ikamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Katiba ya mwaka 2010 iliichukua haki hiyo na kuiweka katika vifungu vya 42 na 70. Mwandishi wa sheria aliyeandika maneno hayo alikuwa na macho mazuri. Aliona kuwa mto hauna mdomo, wala kijiji maskini hakina wakili, na kwamba ukingoja aliyeumia ndiye aseme, utaambiwa baada ya mazishi.

Sasa tutazame sifa hiyo ilivyofanya kazi ilipopelekwa mahali penye taabu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye watu wapatao 3,000, kulifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kiwanda kiligusana na ukuta wa nyumba za watu. Moshi uliingia ndani, na maji machafu yakapita vichochoroni ambamo watoto walicheza. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua, akapimwa, ikaonekana damu yake ina risasi. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuandika barua na kuongoza maandamano. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa. Mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya Goldman, ambayo hupewa watetezi wa mazingira duniani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 wakazi walipeleka kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Mwaka 2020 waliamriwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Toka tanuri kuwashwa hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya moshi alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kidato. Risasi haingoji hukumu. Ikiingia katika mwili wa mtoto huharibu ubongo, na ubongo ulioharibika haurudishwi kwa fidia, hata ingekuwa kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo nasema kuwa mlango uliofunguliwa na sheria hii ni mlango wa nyuma. Humwingiza mtu baada ya nyumba kuungua. Sifa ya sheria ya mazingira ingekuwa katika mlango wa mbele, yaani siku ile mwenye kiwanda anapoomba ruhusa.

Tuutazame basi mlango wa mbele, na hapa ndipo andiko linapoanza kulegea. Sheria inamtaka kila mwenye mradi mkubwa afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Jambo jema. Nani hufanya tathmini hiyo? Wataalamu walioandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, yaani NEMA. Nani huwalipa? Mwenye mradi. Mimi ni mwalimu, na nakuuliza kwa lugha ya kazi yangu: ungeuonaje mtihani ambao mtahiniwa humchagua msahihishaji na kumlipa ujira wake? Sisemi kuwa kila mtaalamu wa namna hiyo hudanganya. Wengi ni watu waaminifu. Nasema kuwa sheria imeutegemea uaminifu mahali ambapo ilipasa kuweka kizuizi. Ingaliweza kuagiza fedha ya tathmini ilipwe katika mfuko wa umma, na mfuko huo umteue mtaalamu. Neno hilo moja halimo.

Tena NEMA yenyewe ndiyo itoayo ruhusa, na ndiyo ikaguayo, na ndiyo ishtakiwayo ruhusa ikigeuka madhara. Katika hukumu ya mwaka 2020 mahakama iliitwika asilimia 40 ya lawama ya Owino Uhuru. Mlinzi alihukumiwa pamoja na mwizi. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, lakini fedha ya mlinzi hutoka wapi, kama si katika kodi ya hao hao wenye nyumba?

Kasoro ya pili ni ya lugha, nami naiona kuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za mwaka 2003 zinaagiza kuwa wanaoweza kuathiriwa na mradi watangaziwe, waitwe mikutanoni, waseme. Lakini sheria mama imeandikwa kwa Kiingereza, na taarifa za tathmini, aghalabu nene kama Biblia, huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Mama auzaye ndizi barabarani, ambaye akipewa bei tatu kichwani hujumlisha kabla yako, huambiwa ana haki ya kutoa maoni juu ya kitabu asichoweza kukisoma. Hatoi maoni. Kisha huandikwa kuwa umma ulishauriwa na haukupinga. Andiko lisilomfikia msomaji limkusudiaye limeshindwa kazi yake ya kwanza, na katika darasa la insha lingerudishwa kwa wino mwekundu.

Ya tatu ni adhabu. Mwaka 1999 adhabu ya jumla ya sheria hii haikuzidi shilingi 350,000 au kifungo cha miezi 18. Marekebisho ya mwaka 2015 yakaipandisha: kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4. Ndiyo adhabu ya marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutumika tarehe 28 Agosti 2017. Marufuku hiyo naisifu bila kusita. Nenda ukatazame miiba ya kando ya barabara, ambayo zamani ilichanua nailoni badala ya maua. Lakini mizani yake ni ya ajabu. Milioni 4 kwa mchuuzi wa nyanya ni maisha yake yote na ya wanawe. Kwa kiwanda kikubwa ni gharama iwezayo kuandikwa katika daftari pamoja na mafuta na umeme. Faini isiyopimwa kwa faida ya mkosaji humwogofya mdogo na humwuzia mkubwa ruhusa. Uchina iliona jambo hilo. Sheria yake iliyoanza kutumika Januari 2015 yaweza kumtoza faini siku baada ya siku mchafuzi akataaye kujirekebisha. Hapo kuchelewa hakuna faida.

Najua utakalojibiwa ukiyasema haya mbele ya watu wenye haraka ya maendeleo. Watakuambia: Ulaya na Japani zilichafua kwanza, zikatajirika, kisha zikasafisha; nasi tuacheni tutajirike. Jibu hili limesemwa mara nyingi hata likaonekana kuwa historia. Si historia. London ilikuwa tajiri kwa karne nzima na hewa yake ilizidi kuwa mbaya, mpaka ukungu wa moshi wa Desemba 1952 ulipoua maelfu ya watu. Ndipo sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956. Mwaka huo huo wa 1956, huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki uligunduliwa kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka na kiwanda. Kiwanda kiliendelea kumwaga hadi mwaka 1968. Waliokisimamisha si utajiri. Ni wavuvi na wagonjwa waliopinga, na mahakama iliyowapa haki mwaka 1973. Toka kugunduliwa hadi hukumu ni miaka 17, kama Owino Uhuru. Basi anayesema tufuate njia ya Japani na atwambie anakusudia mwaka gani wa njia hiyo, na ni mtaa gani utakaokuwa Minamata.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mto Nairobi hukusanya maji machafu ya viwanda na ya mitaa isiyo na mifereji ya choo, ukaumwagia Mto Athi. Athi hushuka, hufika mbuga ya Tsavo, hukutana na Mto Tsavo, huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia baharini karibu na Malindi. Kanuni za ubora wa maji zilitungwa mwaka 2006, nazo zimeandikwa vizuri. Zimetaja hata kiasi cha kila sumu iruhusiwayo. Hata hivyo mifugo ya bondeni haijasoma kanuni hizo, na waifugao hawakuonja faida ya kiwanda hata kimoja cha Nairobi. Kazi iko juu ya mto, taka iko chini. Nimeirudia kanuni ya mfereji kwa sababu sijaona maelezo bora kuliko hiyo.

Limesalia jambo la mpaka, na kwa wakazi wa Njukini si jambo dogo. Toka Agosti 2017 mpaka Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko yake, mfuko ule ule ulikuwa kosa upande huu na bidhaa halali mwendo mfupi tu upande wa pili. Ulivuka, bila shaka, usiku na mchana. Na kama mfuko umeweza kuvuka, maji yatashindwaje? Mto Lumi hushuka toka Kilimanjaro, hupita Taveta, huingia Ziwa Jipe, ambalo nusu yake ni ya Kenya na nusu ya Tanzania. Toka Jipe maji hutoka kwa Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na kisha Pangani. Sheria ya mwaka 1999 haina amri juu ya mvuvi wa Nyumba ya Mungu wala juu ya mkulima aliye juu yetu mlimani. Lakini mwaka huo huo, tarehe 30 Novemba, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Arusha, na sura yake ya 19 yahusu mazingira na maliasili. Isome sura hiyo, uipime kwa maswali matatu tuliyoiulizia sheria yetu: nani hulipa mpimaji, nani aweza kuisoma, na faini humwuma nani.